Gari Jipya Linapotetemeka: Yampasayo Mnunuzi wa Pikapu

Mada kwa walaji wa Shinyanga, Kahama na Geita



Katika mikoa yetu hii pikapu ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha usafiri. Ndiyo inayopeleka dizeli, maji na chakula kwenye maduara ya Nyarugusu na Mgusu, kisha ikarudi na viroba vya mawe hadi kwenye karasha. Ndiyo inayotoa mpunga mashambani Kahama kabla mvua haijafunga njia. Mtu anayethubutu kuinunua ikiwa mpya kabisa aghalabu ameuza ng'ombe, ameweka hati ya nyumba benki, au ameungana na wenzake katika kikundi. Marejesho ya mkopo huhesabiwa gari likiwa barabarani, na huhesabiwa vilevile likiwa limelala gereji. Kwa sababu hiyo nimeona tuzungumze kwa kirefu juu ya kasoro moja ambayo walaji wengi huidharau mwanzoni, wakaja kuilalamikia wakati wamekwisha chelewa: mtetemo.

Kasoro nyingine hujitangaza zenyewe. Taa isiyowaka haiwaki, na mafuta yanayovuja huacha doa chini. Mtetemo ni hisia ya dereva tu. Jana ulikuwapo, leo mbele ya fundi wa muuzaji umetoweka. Kwa hiyo majibu ya dukani huwa mepesi: pikapu zote ndivyo zilivyo, barabara zenu ndizo mbaya, litembeze kidogo, litazoea. Kila jibu lina chembe ya ukweli, na hapo ndipo ulipo ugumu wake. Springi za majani za nyuma zimeundwa kwa ajili ya mzigo, hivyo pikapu tupu hurukaruka. Njia ya changarawe iliyojikunja kama bati, kama zile tunazozijua za kuingia machimboni, hutikisa gari lolote. Lakini gari jipya halipaswi kutetemeka kwenye lami nyoofu, matairi yakiwa na upepo sahihi, wiki baada ya wiki. Kazi ya kwanza ya mlaji, basi, ni kuiondoa barabara katika orodha ya watuhumiwa.

Tafuta lami tambarare, mathalani kati ya Tinde na Isaka, saa za asubuhi magari yanapokuwa machache. Kabla ya kuondoka, pima upepo matairi yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko ambacho kwa kawaida hubandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari mapya mara nyingi husafirishwa melini matairi yakiwa yamejazwa upepo kupita kiasi, na ni wajibu wa muuzaji kuupunguza kabla ya kukukabidhi funguo, hilo husahaulika. Tena, gari lililosimama uwanjani miezi kadhaa huweza kuota ubapa upande mmoja wa tairi, nao mara nyingi hutoweka tairi likishapata joto la safari. Mambo haya mawili yakilimaliza tatizo, umejiepusha na ugomvi usio na maana.

Yasipolimaliza, anza kuandika. Usiandike kwamba gari "linasumbua". Andika mtetemo unaanza mwendo gani, unaishia mwendo gani, na unausikia wapi. Ukisikika mikononi, kwenye usukani, tazama kwanza magurudumu ya mbele. Ukisikika kwenye kiti na sakafu, tazama ya nyuma na propela shafti. Ukitokea unapokanyaga breki tu, diski za breki huenda hazikunyooka. Ukitokea gari likiwa limesimama, injini ikinguruma, sababu iko kwenye injini au kwenye mipira inayoishikilia.

Kuna njia nyingine ya kutofautisha ambayo haihitaji chombo chochote, nayo ni kuhesabu. Tairi la pikapu la kawaida likizunguka mara moja huenda karibu mita 2.4. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kila sekunde, gurudumu huzunguka takriban mara 10 kwa sekunde. Tairi lisilo na balansi, au rimu iliyopinda, hupiga kwa mdundo huo: ni mtikisiko ambao mkono wauona, na kioo cha pembeni kinacheza. Propela shafti huzunguka mara tatu hadi nne zaidi ya gurudumu, kwa hiyo kasoro yake husikika kama mngurumo mzito unaopanda miguuni, wala si mtikisiko wa kuhesabika. Ukimweleza fundi tofauti hiyo, mazungumzo yenu yatabadilika pale pale.

Jaribio moja zaidi, kwa sharti la barabara kuwa nyoofu na tupu: ukifika mwendo ambao mtetemo hutokea, weka gia huru na uliache gari liteleze. Injini usiizime kamwe, kwani ukiizima breki na usukani hupoteza msaada wake. Mtetemo ukiendelea vilevile, injini haina hatia. Dai lako liko kwenye magurudumu, ekseli au propela.

Sasa niseme jambo ambalo huenda lisiwafurahishe. Mitetemo mingine huizalisha wenyewe. Udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga, wakati wa masika, hujibandika ndani ya rimu na kukauka kama saruji. Donge la gramu mia mbili upande mmoja wa gurudumu latosha kulitikisa gari zima, ilhali gereji hutumia risasi za gramu chache tu kusawazisha uzito. Safisha rimu kwa ndani, si kwa nje tu palipo na mng'aro, kabla hujamshitaki mtu. Na kuna lile la kuongeza majani ya springi ili pikapu ibebe mawe mengi zaidi. Gari likiinuliwa nyuma, pembe ya propela hubadilika, na krosi zake hulazimika kufanya kazi ambayo kiwanda hakikuikusudia. Dalili yake ni mtetemo unapoondoka kutoka mahali uliposimama, hasa ukiwa na mzigo. Mtu aliyeongeza springi katika juma la pili, kisha akarudi kulalamika katika juma la nne, amempa muuzaji jibu zuri kuliko yote. Ukiona mtetemo katika gari ambalo bado halijaguswa, usiligeuze chochote mpaka shauri lako limalizike.

Nawaombeni sasa tuingie kwenye sheria, kwa kuwa ndiko wengi wanakopoteza haki.

Mauzo ya gari nchini mwetu yanaongozwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo mizizi yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Ndani yake mna masharti yanayoingia katika mkataba hata kama hayakuandikwa. Mojawapo ni kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo yake, na mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, iwe na ubora unaostahili biashara. Jingine ni kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi mahsusi anayoikusudia, na akategemea ujuzi wake, bidhaa iifae kazi hiyo. Hapa pana mtego wa zamani. Mnunuzi anayetaja jina la biashara tu, akasema "nataka Hilux" au "nataka Ranger" na kulipa, ulinzi huo wa pili unaweza kumponyoka, kwa kuwa amechagua mwenyewe. Sema hivi: nahitaji pikapu ya kubeba kilo 800 kwenye changarawe, kutoka Nyarugusu hadi Katoro, siku sita kwa juma. Kisha omba maneno hayo yaandikwe kwenye ankara ya awali. Ni sentensi moja, na hailipiwi.

Jambo la pili ni muda. Sheria inampa mnunuzi nafasi ya kulikataa gari lisilotimiza masharti, lakini nafasi hiyo haikai milele. Ukikaa na gari kwa muda wa kadiri bila kumwarifu muuzaji kwamba unalikataa, unahesabiwa kuwa umelikubali. Tangu hapo unabaki na madai ya fidia. Haki ya kumrudishia gari na kudai fedha zako imekwenda. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, mwaka 1982 walitunga sheria iliyoeleza mnunuzi wa gari jipya bovu avumilie matengenezo mangapi kabla ya kudai badala yake au fedha. Sheria yetu ya uuzaji haikuweka hesabu ya namna hiyo. Imesema muda wa kadiri, na kadiri hupimwa kwa mazingira ya kila shauri. Ndiyo kusema kimya cha mnunuzi humhesabia siku muuzaji.

Kwa hiyo simu haitoshi, na kupita dukani kumsalimu meneja hakutoshi. Andika barua siku ile ile unapothibitisha mtetemo. Inaweza kuwa fupi hivi:

"Gari lenye namba ya chesisi iliyotajwa hapo juu, nililolipokea kwenu tarehe hiyo, linatetemeka kwenye usukani kati ya kilomita 85 na 100 kwa saa, kwenye lami, likiwa tupu na likiwa na mzigo wa kilo 500. Lilikuwa limetembea kilomita 640 nilipoliona jambo hili. Halijafanyiwa mabadiliko yoyote. Naomba likaguliwe, matokeo yaandikwe, na kasoro iondolewe. Ninabaki na haki yangu ya kulikataa."

Peleka nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Gari likiingia gereji yao, mwombe fundi mkuu apande nawe na aendeshe mwenyewe hadi mtetemo utokee. Msimwachie gari na kuondoka. Na kila mara litokapo, chukua karatasi ya kazi iliyofanyika, hata kama imeandikwa tu kwamba hakuna kasoro iliyoonekana. Karatasi tatu za aina hiyo, zenye lalamiko lile lile, zina uzito mkubwa kuliko maneno makali ya siku moja.

Kitabu cha dhamana nacho kisomwe kabla ya safari ya kwanza. Mara nyingi dhamana hupimwa kwa miaka au kwa kilomita, lolote litakalotangulia, na kwa gari la machimbo kilomita ndizo hutangulia. Tuseme dhamana yako ni kilomita 100,000, nawe waenda kilomita 200 kwa siku, siku sita kwa juma. Utaimaliza kabla ya miezi 20 kutimia, hata kama kitabu kimesema miaka mitatu. Angalia pia kama matairi yamo: kwa kawaida yana dhamana ya mtengenezaji wake, na muuzaji wa gari huweza kukutupia huko. Ama maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yanayogongwa nyuma ya risiti, yasikutishe. Risiti hutolewa makubaliano yakiwa yamekwisha fungwa, na sharti halipenyezwi ndani ya mkataba baada ya fedha kulipwa.

Muuzaji akikataa kusikiliza, au ikithibitika kwamba alikupa maelezo ya kupotosha kuhusu gari, peleka lalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Ambatisha risiti ya EFD, nakala ya kadi ya gari, barua yenye mhuri na zile karatasi za gereji. Mwenye kutaka kurudishiwa fedha au fidia aweza pia kwenda mahakamani, na vielelezo ni hivyo hivyo. Kama gari lina mkopo, iarifu benki mapema, maana kadi iko kwao. Lakini usisimamishe marejesho kwa uamuzi wako mwenyewe, kwani deni la benki na ugomvi wako na muuzaji ni mikataba miwili.

Limebaki swali ambalo huulizwa kila mahali: je, niendelee kulitumia nikisubiri? Kisheria, kadiri unavyolifanyisha kazi ndivyo inavyokuwa vigumu kusema umelikataa. Kiusalama, yategemea mtetemo wenyewe. Ule usiobadilika, wa mwendo fulani tu, unaweza kukufikisha gereji kwa mwendo wa chini yake. Ule unaokua siku hadi siku, unaoambatana na kugonga, au ulioanza ghafla baada ya tairi kufunguliwa, haupaswi kuendeshwa hata kilomita moja zaidi. Egesha kando, weka pembetatu za tahadhari, na ukague nati za magurudumu. Zikiwa zimelegea, zikaze kwa kuvukisha, nati moja kisha ya upande wa pili, bila kufuata mzunguko. Na uzikague tena baada ya kilomita 50. Tundu la nati likiwa limetanuka, au uzi wa bolti umelika, usikaze: ita gari la kuvuta.