Watoto wetu wa mpira, miaka 11 mpaka 14
(Maneno tuliyosema mbele ya wazazi na makochi, Luofu)

Tutaongea kuhusu watoto wa ekipi, na tutaanza na kosa letu wenyewe.

Tuliporudi Luofu tulianzisha ekipi haraka, juu watoto walikuwa wanazurura tu. Tukawapanga mstari, tukachukua warefu. Miaka hatukuuliza. Vyeti vya kuzaliwa vingi viliungua au vilipotea njiani. Mnakumbuka Aprili 2009 nyumba zilipochomwa, na kukimbia kwingine kulikofuata. Tukasema mwili utatuambia. Mwili ukatudanganya.

Watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kupishana miaka mitatu katika kukomaa. Wasichana wengi huanza kubadilika kwenye miaka 10 au 11, na hurefuka kwa kasi karibu na miaka 12. Wavulana wengi hufika hapo karibu na 14, na kwa mwaka mmoja tu mvulana anaweza kuongeza sentimeta 9 au 10. Aliyetangulia anawashinda wenzake kwa nguvu, si kwa ufundi, na baadaye wengi wanamfikia. Tena mtoto aliyekula vibaya miaka ya kukimbia huchelewa kubalehe. Kwa hiyo tuliwatoa waliolala njaa, tukadhani tumetoa wasiojua mpira.

Kuna mwingine alikuwa anapiga chenga safi kabisa, halafu ghafla akawa anajikwaa. Kochi akamwita mvivu. Kumbe miguu ilirefuka, na yeye hajaizoea bado. Hiyo inapita.

Maumivu chini ya goti au kwenye kisigino nayo si uoga. Mfupa wa mtoto hukulia kwenye sehemu laini karibu na kiungo, na kano zinavuta hapo. Apunguziwe kukimbia na kuruka. Kama anachechemea, goti limevimba, au maumivu yanamwamsha usiku, apelekwe kituo cha afya. Na tuhesabu kazi za nyumbani pia: mtoto aliyesukuma chukudu ya viazi tangu alfajiri amekwisha kufanya mazoezi ya siku hiyo.

Wasichana walikuwa sita, wamebaki wawili. Hakuna aliyewafukuza. Siku za mwezi zilianza, kitambaa hakuna, mahali pa kubadilisha hakuna, na kaptula tulizowapa ni nyeupe! (Waliochagua rangi ni wanaume, sisi hapa.) Wafadhili wetu, kabla ya jezi mpya tunaomba vitambaa, choo chenye mlango, na mipira namba 4 kwa wadogo. Namba 5 tuliyo nayo ni ya watu wazima.

Sasa neno zito. Mvulana wa miaka 13 aliyerefuka, mwenye sauti nene, ana hatari nyingine huku kwetu. Wenye silaha hawaulizi miaka. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni yeyote wa chini ya miaka 18, lakini porini hawaisomi. Hata nyumbani tunambebesha mzigo wa mkubwa, tunamwambia, "Wewe ni mwanaume sasa." Ndani bado ni mtoto: anaogopa kuchekwa, anatamani sifa, anamfuata anayemwita mkubwa. Kochi anayemwita mchezaji "komanda" kwa utani, tunakuomba uache, kuanzia leo.

Kila mama tutamuuliza mtoto alizaliwa kabla au baada ya kukimbia gani, tuandike. Kimo tutapima kila miezi mitatu. Mazoezi ya kugongana, wa kimo kimoja watacheza pamoja. Hakuna atakayetolewa kwa ufupi.

Mmoja wa wale tuliowatoa alikuwa na mguu wa kushoto mzuri sana. Anakaa Kirumba kwa shangazi yake. Tumemtumia ujumbe kwamba nafasi yake ipo. Mpaka leo hajajibu.