Bima ya posta hailipi machozi

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kama yalivyosomwa.)



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Juma hili nataka tuyaweke maneno hayo juu ya mizani ya karani wa posta, kwa kuwa kuna swali linalowasumbua watu wengi kuliko tunavyodhani. Swali lenyewe ni hili: mtu anapotuma kwa posta kitu adimu, kama vile stempu za zamani, sarafu, au noti zilizokwisha kuondolewa katika matumizi, je, kuna faida kulipia bima? Au fedha hizo ni afadhali abaki nazo mfukoni?

Pengine utaniambia kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa Ulaya wenye albamu za stempu. La hasha. Katika masanduku ya wazee wetu vimo vitu ambavyo wakusanyaji wa ng'ambo wanavitafuta kwa udi na uvumba. Zipo noti za rupia za Serikali ya Zanzibar zilizotolewa mwaka 1908, ambazo nafasi yake ilichukuliwa na shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1936. Zipo pesa za shaba za Sultani Barghash za mwaka 1299 wa Hijria, zenye picha ya mizani. Zipo stempu za zile nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizobandikwa kwenye barua ambazo hata walioandikiana wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Miongoni mwa barua nilizozipokea, imo ya ndugu mmoja wa Tabora. Anaeleza kwamba marehemu babu yake, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, aliiachia familia sarafu moja ya dhahabu yenye picha ya tembo. Amempata mnunuzi Ujerumani, wamekubaliana bei, na fedha hizo ndizo anazozitegemea kumlipia binti yake karo ya chuo. Anauliza: nilipie bima, au rejista inatosha?

Sarafu hiyo ni maarufu. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamezibiwa njia ya baharini na Waingereza, na fedha kutoka kwao haziingii. Wakafungua kiwanda kidogo katika karakana ya reli pale Tabora, wakachukua dhahabu ya machimbo ya Sekenke, na kufua sarafu za rupia 15. Zilitoka sarafu 16,198 tu, kabla majeshi ya Wabelgiji hayajauteka mji huo Septemba mwaka huohuo. Leo sarafu moja iliyo katika hali nzuri huuzwa minadani kwa maelfu ya dola. Kwa hiyo ndugu yetu haulizi jambo dogo. Anauliza juu ya masomo ya mtoto wake, yaliyofungwa ndani ya kitu kisichozidi gramu 8.

Tuanze na misingi. Kuna njia tatu za kutuma kitu kwa posta. Ya kwanza ni ya kawaida: unabandika stempu, unatumbukiza, unamwachia Mungu. Ikipotea, huna karatasi wala huna wa kumdai. Ya pili ni rejista: unapewa stakabadhi yenye namba, na kila mkono unaoupokea mzigo hutia alama kwamba umeupokea. Ya tatu ni bima, ambapo wewe mwenyewe unatamka thamani ya kitu chako, unalipa ada kwa kadiri ya thamani hiyo, na posta inakubali kuwajibika mpaka kiasi ulichotamka. Huduma hiyo ya tatu haipatikani kwa kila nchi, hivyo ni lazima uulize dirishani kabla hujafunga mzigo.

Watu wengi huchanganya ya pili na ya tatu. Hudhani kwamba barua ikishapigwa rejista basi imekatiwa bima ya thamani yote iliyomo. Sivyo. Rejista inanunua uangalifu. Haikununulii thamani ya kilichomo ndani. Chini ya mapatano ya Umoja wa Posta Duniani, ulioundwa mwaka 1874 na wenye makao yake mjini Bern, Uswisi, fidia ya barua ya rejista iliyopotea ilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa isiyozidi SDR 30, yaani kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Hiyo ni kama dola 40 za Kimarekani. Hebu fikiria mtu aliyetia sarafu ya maelfu ya dola, kisha anakabidhiwa dola 40 na pole juu yake.

Liko na jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mapatano hayohayo yanakataza kutia sarafu, noti, dhahabu, fedha na vito katika barua isiyo na bima. Rejista huruhusiwa tu pale ambapo sheria za nchi zote mbili, inayotuma na inayopokea, zinakubali. Maana yake ni kwamba anayetia sarafu ya dhahabu ndani ya bahasha ya kawaida, akaizungushia gazeti na kuandika “picha”, hakujinyima bima tu, bali amevunja kanuni. Ikipotea, hana pa kwenda kulia.

Sasa tuwatazame wakubwa wa dunia walifanyaje. Mwaka 1905 huko Afrika Kusini iliokotwa almasi kubwa kupita zote zilizojulikana wakati huo, Cullinan, yenye uzito wa karati 3,106. Ilipotakiwa kupelekwa London, maaskari kanzu walipanda meli wakilinda kifurushi kwa vishindo. Kumbe kifurushi hicho kilikuwa cha kuwazuga wezi. Almasi yenyewe ilisafiri ndani ya sanduku la kawaida, kwa posta ya rejista, na ikafika salama.

Mwaka 1958 sonara wa New York, Harry Winston, aliitoa zawadi almasi ya buluu iitwayo Hope kwa makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Naye hakukodi gari la chuma. Aliifunga kwa karatasi ya kaki na kuipeleka posta. Gharama zote zilikuwa dola 145 na senti 29. Katika hizo, stempu za usafiri zilikuwa dola 2 na senti 44 tu. Zilizobaki, dola 142 na senti 85, zililipia kinga ya kiasi cha dola milioni moja. Tarehe 10 Novemba mwaka huo, mpeleka barua James Todd akaikabidhi kwenye makumbusho.

Piga hesabu, msikilizaji. Kwa kila dola 100 za thamani, Winston alilipa kama senti moja na nusu. Hata hivyo, kama almasi ile ingepotea, dola milioni moja zisingewarudishia Wamarekani almasi nyingine ya Hope, kwa kuwa duniani iko moja tu. Ndiyo maana aliilipia rejista na bima kwa pamoja: rejista ili kitu kifike, na bima ili kisipofika mtu asibaki mikono mitupu.

Je, basi kila kitu kikatiwe bima? Hapana. Tuchukue mfano. Tuseme kijana wa Kariakoo anauza stempu, na kila juma anatuma bahasha moja yenye stempu za shilingi 20,000. Tuseme bima inamgharimu shilingi 2,000 kila mara. Kwa bahasha 50 atakuwa amelipa shilingi 100,000. Ili bima hiyo imlipe, sharti bahasha zaidi ya tano katika hizo 50 zipotee. Zikipotea moja au mbili, kijana huyu amefanya hasara kwa kununua bima. Kwake ni bora azifunge vizuri, na hasara ya hapa na pale aihesabu kuwa gharama ya biashara.

Lakini ndugu yetu wa Tabora hana bahasha 50. Ana sarafu moja. Ikipotea mara moja, imepotea yote, na karo imekwenda nayo. Kanuni basi ni nyepesi: usikatie bima hasara unayoweza kuibeba; katia bima hasara itakayokuvunja mgongo.

Hata hivyo kulipa ada peke yake hakutoshi. Watu hulipa bima kisha wakakosa fidia, wakaondoka wakilaani. Mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi nne.

Kwanza, kukosa ushahidi wa thamani. Bima hailipi machozi. Haijui kwamba sarafu ilikuwa ya babu, wala kwamba stempu zilitoka katika barua za uchumba za mama yako. Inalipa hasara halisi inayothibitishwa kwa karatasi: stakabadhi ya mauzo, makubaliano ya bei na mnunuzi, makadirio ya mtaalamu, bei za minada ya karibuni, na picha za pande zote mbili. Siku hizi mwenye simu ya mkononi hana udhuru wa kukosa picha. Na ukitamka thamani kubwa kuliko ya kweli, huo ni udanganyifu. Ukitamka ndogo, hutapata zaidi ya ulichotamka.

Pili, uongo wa forodha. Hapa ndipo wengi wanapojichimbia kaburi. Ili mpokeaji asitozwe ushuru, mtumaji anaandika kwenye fomu, “zawadi, shilingi 5,000”. Mzigo ukipotea anakuja na madai ya milioni tatu. Karani anamwonyesha saini yake mwenyewe. Atasema nini? Na kitu kikikamatwa na forodha kwa sababu ni haramu kukitoa nchini, posta haiwajibiki hata kidogo. Kwa hapa kwetu ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na mwenye kitu cha kale sharti aulize kwanza kama kinahitaji kibali.

Tatu, ufungaji mbovu. Kitu kikiharibika kwa sababu mtumaji hakukifunga inavyostahili, hakuna fidia. Stempu ziwekwe kati ya makadi mawili magumu, ndani ya mfuko wa plastiki, maana unyevunyevu wa pwani unaweza kuzigandisha kabla hazijapanda ndege. Sarafu ikazwe isicheze, kwani inayolia ndani ya bahasha humwita mwizi kwa jina.

Nne, saini na muda. Sisi wengi hatuna masanduku yetu ya posta. Tunatumia la ofisini, la shuleni, la msikiti au la kanisa. Taarifa ya mzigo ikiingia humo, na tarishi aliyeruhusiwa akatia saini na kuuchukua, posta imemaliza kazi yake. Ukipotea kati ya dirisha la posta na meza yako, bima haihusiki. Hivyo andika jina la mpokeaji kwa ukamilifu, mjulishe namba ya mzigo, na aende mwenyewe na kitambulisho. Tena kuna ukomo: maulizo hufanywa ndani ya miezi sita tangu mzigo ulipopokelewa posta. Anayengoja mwaka mzima kwa kuona haya au kwa kumstahi karani amejinyima haki yake.

Wapo wanaosema kwamba kutamka thamani ni kuwatangazia wezi. Hoja hiyo ina uzito wake, nami siipuuzi. Lakini mzigo wa bima hauchanganywi ovyo na mingine. Huhesabiwa na kupokelewa kwa saini. Mwizi mwenye akili anapenda kitu kisicho na daftari, ambacho kikitoweka hakuna anayejua kilipotelea katika mikono ya nani.

Kwa hiyo kwa ndugu yetu wa Tabora, jibu langu ni hili. Ulizia kibali kwanza. Kisha uliza dirishani kama bima ya kwenda Ujerumani inapatikana, na mwisho wake ni kiasi gani. Kama mwisho huo unafikia bei mliyokubaliana, lipa bila kusita, na kwenye forodha andika bei ileile. Kama haufikii, usitume kwa kubahatisha. Mwambie mnunuzi atafute njia nyingine yenye bima kamili, au aje achukue. Na mwelewane mapema, kwa maandishi, ni nani anayebeba hasara mzigo ukiwa njiani. Mnunuzi anayetaka kitu cha maelfu kisafirishwe kwa bahasha ya mamia kwa madai ya kuharakisha, huyo si mnunuzi wa kuaminiwa.

Nina ombi pia kwa wakuu wa posta katika miji yetu. Masharti haya yapo, lakini mara nyingi yamo ndani ya vitabu vinene na kwa lugha ambayo mama wa Mbagala haisomi. Bandikeni ukutani, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, ni nini rejista inalipa, ni nini bima inalipa, na mtu ana muda gani wa kuuliza. Mteja anayejua haki yake hagombani na karani. Humletea karatasi zilizokamilika.

Nawe msikilizaji, kabla hujalipia bima, fungua lile sanduku la mzee, andika kila kilichomo, kipige picha, uulize thamani yake. Pasipo daftari hilo, hata ada kubwa ya bima ni sadaka tu kwa posta.

Hadi juma lijalo, kwaherini.