Saratani: Nani Anayehesabu Wagonjwa Wetu?

(Maneno ya mhadhara uliotolewa kwa vijana baada ya Swala ya Asr, Munyaka, Eldoret)

Alhamdulillah, tumshukuru Mola aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Ndugu zangu na dada zangu, najua saum imewashika na jua la leo si mchezo, kwa hivyo sitawaweka sana. Nilipoambiwa nizungumze, wengi walidhani nitazungumza juu ya fadhila za kumi la mwisho. Hayo masheikh wetu wameyaeleza vizuri kunishinda. Mimi nimekuja na jambo lililoingia nyumbani kwetu.

Nilikuwa na mama mdogo, aliyenilea kama mwanawe. Ramadhan moja alifunga nasi mwezi mzima, na hakuna aliyegundua kwamba alikuwa hawezi kumeza. Mchana wote tumefunga, nani atajua? Jioni anachukua tende, anaitafuna, kisha anaitema katika kitambaa. Uji anaunywa kidogo kidogo, anasema ameshiba. Sisi tukasema, mashallah, mama amezoea kula kidogo. Alikuwa amekwenda kliniki moja mara tatu, na mara zote tatu akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Alipofika hospitali kubwa na kuingizwa kamera, ilikuwa saratani ya umio, yaani njia ya chakula, na ilikuwa imeshasambaa. Hakuiona Ramadhan iliyofuata. Mola amrehemu. Amin.

Nikajiuliza: je, katika nchi hii kuna mtu kazi yake ni kuizuia saratani? Nikaanza kusoma. Jibu ni kwamba yupo, lakini hafanyi kazi kama tunavyodhani.

Mwaka 2012 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Taasisi ya Kitaifa ya Saratani. Wengi wakisikia taasisi wanafikiri ni hospitali. Siyo. Ukienda kwao na maumivu hutapewa kitanda. Kazi yao ni kumshauri Waziri wa Afya, kuhimiza utafiti, kuelimisha watu, na kuweka daftari la wagonjwa wa saratani nchini. Sheria hiyo hiyo inakataza mgonjwa wa saratani kubaguliwa. Kando yake, ndani ya Wizara ya Afya, kuna Mpango wa Kitaifa wa Kudhibiti Saratani, unaotoa miongozo: nani apimwe, apimwe nini, na kila baada ya muda gani. Kisha kuna kaunti. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, zahanati na hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, na hospitali kubwa za rufaa kama Moi hapa kwetu na Kenyatta kule Nairobi zikabaki kwa serikali kuu. Kwa ufupi, mmoja anashauri, mwingine anapanga, na mwingine ndiye anayekugusa kwa mkono. Mmoja akilala, wote wanakwama.

Sasa sikilizeni hili la daftari, kwa maana ndilo lililonigusa. Hapa Eldoret daftari la saratani lilianzishwa mwaka 1999, miaka 13 kabla ya sheria yenyewe. Kuna watu wanaopitia mafaili ya hospitali na majibu ya maabara, wanaandika: umri, anakotoka, saratani ya wapi, imefika hatua gani. Kazi kavu kabisa! Lakini bila daftari serikali haijui mashine ipelekwe wapi wala daktari gani asomeshwe. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba mwaka 2020 Wakenya zaidi ya 42,000 walipatikana na saratani na zaidi ya 27,000 walikufa kwayo. Makadirio kama hayo hujengwa juu ya madaftari kama hili letu. Anayefia nyumbani bila kupimwa hayumo humo. Asiyehesabiwa hapangiwi.

Na daftari linafundisha. Ilionekana kwamba saratani ya umio ni nyingi mno upande huu wetu wa magharibi ya Kenya. Watafiti wakauliza kwa nini. Kati ya mwaka 2013 na 2018, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, waliwahoji wagonjwa 430 wa saratani hiyo na watu wengine 440 wasiokuwa nayo. Wanaokunywa chai na vinywaji vya moto sana walikuwa na hatari zaidi ya mara tatu kuliko wanaokunywa vuguvugu. Tayari mwaka 2016 lile shirika la kimataifa lilikuwa limetaja vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kuwa huenda vinaleta saratani. Ubaya hapa ni ule moto. Na sisi, adhana ya Maghrib ikilia, kitu cha kwanza baada ya tende ni nini? Si chai inayotoa moshi? Eldoret kuna baridi, nakubali. Lakini ipoe kidogo, ndugu yangu. Swali Maghrib kwanza, ukirudi utaikuta.

Dada zetu, mwongozo wa mwaka 2018 unasema mwanamke wa miaka 25 hadi 49 apimwe saratani ya mlango wa kizazi, hata kama hasikii chochote. Na tangu Oktoba 2019 wasichana wa miaka 10 wanapewa chanjo ya virusi vinavyoileta. Wazazi, tusiwazuie kwa maneno ya mtaani. Na kila familia ijiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Msingoje mpaka mtu alazwe ndipo mkimbizane na vitambulisho.

Sisi vijana tunaweza nini? Mambo matatu. Kwanza, jioni ya leo mtazame mzee wako akifuturu. Je, anameza? Amekonda? Usiseme ni saum. Pili, dawa zikishindwa, msiirudie kliniki ile ile mara tatu. Ombeni barua ya rufaa. Tatu, katika sadaka zetu tutenge nauli ya matatu, kwani wako wagonjwa wanaokatiza matibabu kwa kukosa nauli tu.

Kutegemea Mungu hakumzuii mtu kumfunga ngamia wake. Mama mdogo alikuwa na tawakul kubwa. Kilichokosekana ni sisi kumtazama.

Mola awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na azikubali saum zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.