MASAFA YA BETRI KWA MNUNUZI WA GARI LA UMEME: MFANO WA MUGANGO

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi



Mazungumzo haya yanawahusu wale wanaokusudia kununua, kwa mara ya kwanza, gari la umeme la aina ya SUV, ambalo mitaani huitwa gari la juu. Swali la kwanza la mnunuzi huwa ni bei, na la pili huwa ni rangi. La tatu, ambalo lilistahiki kutangulia, ni umbali ambao gari litakwenda baada ya betri kujazwa mara moja. Anayekosea hapo hukaa na kosa lake muda wote wa kulipa mkopo, kwani betri ikiwa ndogo hapana dumu la akiba la kubeba nyuma ya gari.

Kwa mkaazi wa Unguja jambo hili halina uzito mkubwa. Urefu wa kisiwa, tangu ncha ya Nungwi hadi Makunduchi, haufiki kilomita 100, na karibu kila njia humrudisha mtu nyumbani kabla ya usiku. Lakini watumishi wa taasisi za Muungano hupangiwa kazi Bara, na gari humfuata mwenyewe. Kwa hivyo umechukuliwa hapa mfano wa Mugango, katika Mkoa wa Mara, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, kusini ya mji wa Musoma. Mahali panapojulikana kwa chanzo cha maji yanayopelekwa Kiabakari na Butiama.

Mtumishi anayeishi Mugango ana safari za namna mbili. Ya kwanza ni ya Musoma mjini, kwa ajili ya benki, ofisi na soko. Kwenda na kurudi haifiki kilomita 100. Ya pili ni ya Mwanza kwa kupitia Bunda, takriban kilomita 200 kwa kwenda peke yake. Hiyo huja mara chache, lakini haibishi hodi: mgonjwa amepewa rufaa ya Hospitali ya Bugando, na lazima aondoke usiku huo huo. Betri inayotosha kwa safari ya kwanza huweza kumwacha mtu njiani katika ya pili.

Hapo ndipo inapopasa kuisoma karatasi ya muuzaji kwa uangalifu. Masafa yaliyoandikwa hutokana na vipimo, na vipimo vya nchi havilingani. Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40 ilipotolewa Japani mwaka 2017 ilitangazwa huko kuwa inakwenda kilomita 400 kwa kipimo cha JC08. Gari hilo hilo lilipopimwa Marekani lilipata maili 151, yaani kilomita 243. Betri haikupungua baharini; kilichobadilika ni kipimo tu. Leaf si gari la juu, lakini somo lake linatufaa sana, kwa vile magari mengi yaliyokwisha kutumika huletwa kwetu kutoka Japani, na tangazo huja pamoja na gari.

Njia iliyo salama ni mnunuzi kupiga hesabu yake mwenyewe. Kilowati-saa moja ni uniti ile ile inayonunuliwa kwa TUKUZA Zanzibar na kwa LUKU Bara. Gari la juu likienda mwendo wa barabara kuu, limepakia abiria na kiyoyozi kinafanya kazi, lihesabiwe kuwa linakula uniti 20 kwa kila kilomita 100. Madereva wa petroli hushangazwa na jambo moja: gari la petroli hula zaidi katika msongamano wa mjini, ilhali la umeme hula zaidi katika mwendo wa kasi. Njia ya vumbi ya Mugango, inayomlazimisha dereva kwenda polepole, huenda ikawa na huruma kwa betri kuliko lami ya Bunda.

Tuchukue betri ya uniti 60. Ikigawanywa kwa hesabu hiyo, inatoa kilomita 300. Moja ya tano ibakizwe, isiguswe, kwa ajili ya mchepuko, tope au kituo kilichokosa umeme. Zinabaki kilomita 240. Mwanza inafikika. Lakini betri huchakaa. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka 8 kwamba uwezo wake hautashuka chini ya asilimia 70. Ikifika hapo, zile uniti 60 zimekuwa 42, na baada ya kubakiza moja ya tano, gari linakwenda kilomita 168 tu. Bunda linapita, Mwanza halifiki bila ya kuigusa akiba. Ama betri ya uniti 40, hiyo hutoa kilomita 160 ikiwa mpya, nayo ni ya Musoma, si ya Mwanza.

Anayenunua gari lililotumika asiridhike na mng'aro wa rangi. Katika Leaf, kwa mfano, kioo cha mbele ya dereva kina vistari 12 vya uwezo wa betri. Kikipotea kimoja tu, takriban asilimia 15 ya uwezo imekwisha kwenda. Betri ya gari hilo haipozwi kwa maji, na joto huidhuru.

Lipo pia suala la kujaza. Soketi ya kawaida ya nyumbani, kwa ampea 10, hutoa takriban uniti 23 kwa usiku wa saa kumi, na baadhi hupotea njiani. Hizo ni kilomita 100, au pungufu kidogo. Kwa safari ya Musoma zinatosha kila siku. Kwa aliyefika Mwanza akalala kwa jamaa, usiku mmoja hautamrudisha Mugango. Chaja ya ukutani ya ampea 32 hufanya kazi mara tatu ya hiyo, lakini inataka waya wake wenyewe na mkondo wa ardhini uliokaguliwa na fundi mwenye leseni.

Wakaazi wa Unguja hawahitaji kukumbushwa mwaka 2008, kisiwa kilipokosa umeme kwa takriban mwezi mzima, wala kiza kilichoanza Disemba 2009 kikaendelea kwa miezi mitatu. Bara nako, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ilipata hitilafu na mikoa mingi ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Mwenye gari la umeme na ajizoeze kulirudisha kwenye chaji lingali na nusu, asisubiri taa nyekundu.

Kwa mkaazi wa Mugango, basi, uniti 60 ndicho kiwango cha chini kwa gari jipya, na zaidi ya hapo kwa anayetaraji kulitumia gari hilo miaka kumi. Mwenye uwezo wa uniti 40 tu anaweza kulinunua, maadamu amekwisha kuafikiana na jirani mwenye gari la petroli juu ya usiku wa Bugando.