Pima Kabla ya Kutupa

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mlioko madarasani,

Mwaka jana, nikipandisha mlima kutoka bonde la Rukwa kurudi Sumbawanga, gari langu la haibridi, Prius kuukuu ya mwaka 2008, liliwasha taa ya hatari. Fundi mmoja aliniambia ninunue betri nzima. Bei yake ilizidi ada ya watoto wangu kwa mwaka.

Nikakumbuka fizikia niliyofundishwa hapa. Betri ile ina vipande 28 vya volti 7.2, vilivyoungwa mfululizo. Jumla volti 201.6. Kimoja kikidhoofika, vyote hulemewa.

Fundi wa pili alivaa glavu za umeme, akachomoa plagi ya usalama, akangoja dakika 10. Kisha alipima kila kipande kikiwa kimewasha balbu, maana bila mzigo hata kibovu huonyesha volti nzuri. Viwili vilianguka. Tena feni ya kupozea betri ilikuwa imezibwa na vumbi. Tulibadili viwili, tukasawazisha chaji ya vyote, tukasafisha feni.

Sidai gari limepona kabisa. Vipande vilivyobaki navyo vimezeeka. Lakini watoto wako shule.

Vijana, volti 200 zinaua: msiiguse betri hiyo bila fundi. Ila desturi ya kupima kabla ya kutupa, ianzeni leo.