Hotuba juu ya Wafyekaji wa Barabara ya Mboko

Ndugu wafanyakazi, nanyi raia wa mji,

Twataka kusema habari ya kazi inayodharauliwa. Ninyi mnaochimba dhahabu Misisi mwaijua sururu. Sisi twashika panga na jembe juu ya barabara itokayo Uvira, ipitayo Makobola na Mboko, mpaka Baraka na Fizi.

Twaondoka kabla jua halijatoka ziwani. Kapita humpimia kila mtu kipande chake. Wa panga hufyeka matete kando zote mbili, dereva apate kuona mbele. Wa jembe huzibua mtaro. Na mtaro ndio roho ya barabara: ukijaa udongo, maji ya mlimani hupita juu ya njia na kuichimba, gari hukwama, na mihogo na ndagala havifiki sokoni.

Zamani za Wabelgiji baba zetu walifyeka kwa kulazimishwa. Tarehe 30 Juni 1960 mambo hayo yalipasa kwisha. Lakini mtu akifanya kazi mwezi mzima, kisha akaambiwa "Ngoja", je, si lazima ile ile iliyobadili kanzu?

Basi twataka mambo matatu. Mshahara ulipwe siku iliyoahidiwa. Mwenye kandarasi atoe vyombo, mfanyakazi asijinunulie panga. Mitaro izibuliwe wakati wa kiangazi, kabla mvua za Septemba hazijaanza.

Nasi tusilale kazini: mtaro wa mmoja ukiziba, kazi ya wote imeharibika.

Anayewafungulia wengine njia asilale na njaa. Umoja, ndugu!