Januari 2028 Haiko Mbali

Msikilizaji, kama una mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2022, fanya hesabu pamoja nami. Kwa mtaala mpya, mtoto huyo anamaliza elimu ya msingi darasa la sita, mwaka 2027. Aliyemtangulia kwa mwaka mmoja anafuata utaratibu wa zamani, naye anamaliza la saba mwaka huohuo. Januari 2028 wote wawili watataka nafasi kidato cha kwanza. Na kwa kuwa sera ya elimu, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, wote wana haki ya kuingia.

Mwaka huo takwimu za uandikishaji zitapaa, na tutapongezwa. Tanzania iliingizwa katika kundi la nchi za kipato cha kati Julai 2020, na kwa nchi za kundi hili idadi ya watoto walioko sekondari ni kipimo kinachotazamwa sana. Mimi nasema idadi hiyo ikisimama peke yake inapotosha, na sisi tulishaonja matokeo yake.

Kumbuka Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza 2004. Kila kata iwe na shule yake! Wananchi walichanga fedha, wakasomba mawe na mchanga. Wanafunzi walikuwa laki nne na kitu. Kufikia 2010 walikuwa zaidi ya milioni moja na laki sita. Sizibezi shule za kata hata kidogo. Zimewafungulia njia watoto wa wakulima ambao zamani safari yao ya shule ilikomea darasa la saba. Lakini majengo yaliwatangulia walimu. Vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa kufundisha, na mitaani wakaitwa voda fasta. Shule nyingi zilifundisha kemia ubaoni, bila maabara. Februari 2013 matokeo ya kidato cha nne yalipotangazwa, watahiniwa takriban sita katika kila kumi walipata sifuri. Baadaye matokeo yale yalipangwa upya, ila nchi nzima ilikuwa imeshaona. Wale watoto walikuwa wamehesabiwa vizuri sana siku ya kuandikishwa.

Wenzetu wa Kenya nao wamepita hapa karibuni. Januari 2023 waliwapokea wanafunzi wa kwanza wa gredi ya saba, yaani mwanzo wa sekondari ya chini, wakawaweka katika shule za msingi, nyingi zikiwa hazina maabara. Walimu wengi waliajiriwa kwa mikataba ya mafunzo kazini, na mwaka 2024 wakagoma wakidai ajira ya kudumu. Darasa lisilo na mwalimu halilipwi fidia. Muhula ukipita, umepita.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu za Januari hazilioni kabisa: njia ya kwenda shule. Msichana anayetembea saa mbili asubuhi na saa mbili jioni anachoka kabla ya kipindi cha kwanza. Akikubali lifti ya bodaboda, tunajua wote anachoweza kudaiwa. Akipanga chumba karibu na shule, analala peke yake akiwa na miaka 14. Ada iliondolewa 2016, na tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Hatua zote mbili ni njema, nami naziunga mkono kwa moyo wote. Ila bweni lingemwepusha na mengi ya hayo mapema, na bweni halijengwi kwa waraka.

Kwa hiyo naomba tuhesabu tofauti. Kila halmashauri itangaze wangapi waliingia kidato cha kwanza na wangapi kati yao walifika kidato cha nne, shule kwa shule, wavulana na wasichana. Itangaze pia walimu wa hisabati na sayansi wanaokosekana, ili waajiriwe kabla watoto hawajafika.

Madiwani hupitisha bajeti kila mwaka, na vikao vya baraza lao viko wazi kwa wananchi. Nenda kakae, msikilizaji. Muulize diwani wako kata yenu itakuwa na vyumba vingapi, walimu wangapi na vitanda vingapi vya wasichana ifikapo Januari 2028. Akikujibu kwamba mipango inaendelea, muulize tena.